Mbili Iko Wapi

Mtoto wa darasa la kwanza akikuuliza mbili iko wapi, usimuonyeshe vidole vyako. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaotoka shule ya ualimu na vyeti vyenu bado vinanukia wino, kwa sababu mimi nilimuonyesha mtoto vidole, naye akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mlevi akitafuta mlango wa nyumba yake. "Mwalimu," akasema, "ivi ni vidole."

Jina lake lilikuwa Nsimire. Nataka kuwaambia habari yake na ya mama yake, lakini mtanivumilia, sitafika kwake moja kwa moja. Mke wangu husema nikianza habari ya Kadutu napitia kwanza Uvira.

Nilifundisha darasa la kwanza la msingi katika shule moja ya Kadutu, hapa Bukavu, tangu nikiwa kijana mwembamba mpaka magoti yakakataa kupanda kilima. Ilikuwa wakati wa Zaïre. Walimu wengi walikimbilia madarasa ya juu, maana huko mtu anaonekana ana akili. Darasa la kwanza waliona ni kazi ya kupangusa makamasi. Makamasi nilipangusa, sikatai. Lakini huko juu mwalimu anaulizwa maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Wale wadogo, ambao meno ya mbele yameng'oka, ndio wanaokuuliza mambo ya kukunyima usingizi.

Nilipoanza kazi, sisi sote tulikuwa tumetoka kubadilisha majina. Nilibatizwa Yosefu. Serikali ikasema majina ya Kizungu basi, nikawa Murhula. Nchi ilibadilisha jina, mto ukabadilisha jina, pesa ikabadilisha jina, bwana tuliyemwita Monsieur akawa Sitwaye, yaani raia, na tai tukazificha sandukuni. Siku moja, mapumziko ya saa nne, nikasema kwa mzaha katika chumba cha walimu kwamba kitu kimoja tu kilichobaki na jina lake la zamani ni deux, ile mbili ya Kifaransa ya ubaoni.

Wote wakacheka isipokuwa Maman Namwezi. Huyu alifundisha darasa la kwanza B, ukuta mmoja na mimi, na alikuwa ameanza kazi kabla mimi sijajua kufunga kaptura. Mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ambayo mvua ya mabati haikuweza kuizima. Ndiye aliyenifundisha kazi, si ile shule yangu ya ualimu.

"Iyo deux iko na majina tangu zamani," akasema. "Nyumbani kwetu tunasema babirhi, mu soko mbili, ku tablo deux. Weye ulikuwa Yosefu, leo uko Murhula. Mutu alibadilika?"

"Hapana, Maman. Ni mimi yuleyule."

"Sawa. Sasa ondosha majina yote ya deux, ile ya Mashi, ya Swahili, ya Kifaransa. Inabakia nani?"

Nikafungua kinywa, kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele kama siku ile.

Basi niwaambie kosa langu la kwanza, mpate kuliepuka. Nilinunua maharagwe mekundu, mazuri, nikayaosha, nikayaanika juani, nikamgawia kila mtoto. Nilifundisha tatu kwa maharagwe, nikafundisha tatu kwa maharagwe, mpaka wakaijua usingizini. Siku moja nikaweka mawe matatu mezani nikauliza, "Hii ni ngapi?" Kijana mmoja, Bahati, akasimama kwa heshima zote. "Mwalimu, iyi haiko tatu. Iyi ni mawe." Na darasa zima likaitikia kwamba Bahati amesema kweli.

Nilikwenda mlango wa pili kumlilia Maman Namwezi. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Haukubafundisha tatu," akasema. "Uliwafundisha harage! Sikiliza, mutoto wangu. Namba usiifungie mu kitu kimoja. Leo harage, kesho makofi, kesho kutwa mbuzi banapita inje. Bapatie tatu ya kusikia. Bapatie tatu ya kuruka. Bapatie tatu ya kungojea, ubaambie siku tatu zikipita tutaimba. Kitu kikibadilika kila siku, mutoto atatafuta mwenyewe ile yenye haibadilike."

Shikeni hilo, ni mali. Hata leo nikipita shuleni na kuona mwalimu ana kopo moja tu la vifuniko vya soda, namhurumia. Ukitaka mtoto aione tano, mpe tano za kila namna, zile za kushika na zile zisizoshikika, chafya tano, mlio wa kunguru mara tano. Na umuache. Usimwambie umeona. Atakuambia yeye, na siku hiyo uso wake utabadilika, utajua.

Kisha vikaja vitabu vya hesabu mpya. Walituletea kutoka Kinshasa, vina picha za rangi, na humo hakuna tena mambo ya kujumlisha kwanza. Kulikuwa na mafungu. Unachora mstari wa mviringo, ndani unaweka vitu, hilo ni fungu. Unachora lingine, unaunganisha kitu cha huku na kitu cha kule kwa mshale, na kama hakuna kinachobaki peke yake, basi mafungu yana namba ileile. Mimi nilikipenda kile kitabu kama mchumba. Walimu wa Kifaransa waliita ile mistari ya mviringo patates, yaani viazi, kwa jinsi inavyochorwa imepinda. Nami bila kufikiri nikawaambia watoto, "Chora kiazi." Wakachora viazi. Wengine wakachora na majani yake. Baada ya wiki moja baba mmoja akaja shuleni amekasirika. "Sitwaye, nilituma mutoto kusoma. Kama ni kulima viazi, shamba iko kwetu Nyangezi!"

Na sifuri, jamani. Sifuri ilitugawa. Direktere wetu, yaani mkuu wa shule, mtu wa kanisa, mpole, alisema kuhesabu kunaanzia moja, kwa sababu hakuna mama aliyewahi kwenda sokoni kununua sifuri ya nyanya. Kitabu kilisema kunaanzia sifuri. Maman Namwezi akamwambia direktere, "Papa, mushahara ikichelewa, kuya ufunulie sufuria yangu. Utaiona sifuri vizuri, imekaa pale ndani." Direktere akacheka, lakini hakukubali. Mpaka anastaafu alianzia moja.

Sasa Nsimire.

Alikaa benchi la mbele, mdogo wa umbo, kibao chake cha kuandikia amekikumbatia kifuani. Hakuwa mtoto wa kelele. Alikuwa mtoto wa kutazama. Nilipofundisha mbili, wenzake wote wakaimba mbili, yeye akainua mkono na kuuliza ile mbili yenyewe iko wapi. Ndipo nilipomuonyesha vidole. Nikashika chaki mbili. "Iyo ni chaki," akasema. Nikaandika 2 kubwa ubaoni. Akainuka, akaja, akaifuta kwa mkono wake wote mpaka kwenye kiwiko, akanigeukia.

"Sasa imekufa?"

"Hapana, Nsimire, haijafa."

"Basi iko wapi?"

Nilimpenda mtoto yule. Nasema wazi, mwalimu hatakiwi kuwa na mtoto anayempenda kuliko wengine, na mimi nilikuwa naye. Nilipeleka swali lake chumba cha walimu kama mtu anayepeleka saa iliyokufa kwa fundi. Direktere akasema mbili iko kwa Mungu, ilikuwako kabla ya milima. Maman Namwezi akasema hapana, mbili iko katika kazi, mtu akihesabu ipo, akilala nayo inalala. Mimi nikashika kitabu changu: mbili ni kile ambacho jozi zote za duniani zinashiriki, macho, matiti ya mama, mapacha. "Na jozi zote zikiisha duniani?" akauliza direktere. Nikasema sijui. Chai ikapoa, hakuna aliyeshinda.

Sasa kulikuwa na jambo nililolifanya kila asubuhi. Nilichukua fimbo ya ubaoni, nikapita kati ya mabenchi, nikagusa kila kichwa: moja, mbili, tatu, nne. Watoto walifurahi, kila mmoja akingoja fimbo imfikie. Niliona ni somo zuri, hesabu ya watu hai.

Asubuhi moja mama yake Nsimire alikuja na sweta ya mtoto, maana baridi ilikuwa kali. Aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, karibu na soko la Kadutu, na asili yao ni kule Walungu, vijijini. Akasimama mlangoni. Fimbo yangu ikashuka juu ya kichwa cha Nsimire, nikataja namba yake. Mama aliingia, akamshika binti mkono, akamtoa nje. Nilidhani kuna msiba.

Jioni Bahati, jirani yao, akaniletea habari. "Mwalimu, Nsimire hatarudia tena. Mama yake anamutuma Walungu kwa koko yake, atalima."

Nilikaa pale kama nimepigwa. Mtoto aliyefuta mbili ubaoni kuona kama itakufa, apelekwe kwa bibi yake akapewe jembe! Nikamfuata Maman Namwezi.

"Ulibagusa na fimbo?" akauliza. "Batoto ya batu? Ukataja na namba?" Akajipiga paja. "Weye kijana, kwenu bakwambiaka nini? Batoto habahesabiwe vile. Kuna majumba mingi hapa, ukiuliza muko na batoto bangapi, batakujibu: tuko nao. Basi. Twende."

Nyumba ya Mama Nsimire ilikuwa ya mbao, juu ya mteremko ambao ukiteleza unamwangukia jirani. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatupa ndizi. Nsimire alikuwa pembeni, nguo zake zimefungwa katika kitenge. Kifurushi kilikuwa tayari kwa safari.

Nikaanza kwa Kifaransa cha mwalimu, nikieleza umuhimu wa mahudhurio. Maman Namwezi akanikanyaga mguu.

"Mama Nsimire," akasema yeye, "mwalimu uyu hajue. Iko mutoto. Utuambie."

Yule mama alitazama mlango.

"Miye nilishahesabiwa," akasema. "Kulikuya batu na makaratasi. Bakauliza bwana yangu: batoto bangapi? Akabaambia, kwa sauti, pale pale ku mulango, majirani banasikia. Mwaka haukuisha, surua ikaingia mu nyumba." Akamtazama Nsimire pembeni. "Haikutuacha sawa vile ilitukuta."

Mimi sikuamini kwamba namba inaua mtoto. Surua ndiyo inayoua, na hata leo ndivyo nitakavyokuambieni. Lakini kuna maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya mama kama yule. Nikamwambia pole, na pole ilikuwa ya kweli.

"Mwalimu," akaendelea, "miye sijasoma. Lakini najua ivi: ukihesabu kitu, unaonyesha pale inaishia. Unasema moja, mbili, unafika ku ya mwisho, unafunga. Ni sawa kuambia kifo: angalia, ndiyo mwisho. Juu ya nini unafungia batoto yangu mulango?"

Na hapo, vijana, nilisahau adabu kwa sababu amegusa kitu nilichokipenda. "Mama, namba haziishi!" nikasema. "Hazina mwisho kabisa. Chukua kubwa kuliko zote, nyuma yake iko nyingine."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata nikitaja ile yenye hakuna mutu alitaja?"

"Hata hiyo. Nyuma yake kuna mwenzake, anangoja."

Akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia nyumbani mwake. Nsimire naye akaacha kuchezea fundo la kitenge.

"Kama ni vile," mama akasema polepole, "mbona haubaambie batoto? Unabahesabu, unafika pale ku mwisho, unanyamaza. Unadanganya. Kama nyuma kuna mungine, sema kuna mungine."

Maman Namwezi akanitazama. Mimi nikamtazama Maman Namwezi. Mkataba ukafanyika palepale: fimbo hapana, mkono wazi tu, bila kugusa kichwa. Na mwisho wa kuhesabu lazima tuseme kwamba mwingine anakuja. Nsimire atabaki shuleni. Lakini mama akamgeukia binti yake, akamwambia mbele yetu, "Siku ile bakifunga hesabu, beba kibao yako, kuya nyumbani. Usingoje kengele." Nikaona kile kifurushi cha nguo hakikufunguliwa. Alikining'iniza msumarini, tukiona.

Basi kila asubuhi nilipita na mkono wazi, moja, mbili, tatu, mpaka benchi la nyuma, nami nikimaliza, darasa zima linapiga kelele: "Na mungine anakuya!" Walipenda, weee! Mabati yalitetemeka. Darasa la Maman Namwezi likaiga. Nikagundua jambo la kuchekesha: kabla ya hapo nilihangaika sana kuwafundisha kwamba baada ya tisa kuna kumi, baada ya kumi na tisa kuna ishirini. Sasa hawakuhangaika. Walijua hakuna mahali pa kusimama. Nikirudi kwenye kile kitabu changu nilichokipenda, na mafungu yake na mishale yake, nikaona kimesahau jambo hili, au kimeliweka ukurasa wa mbali. Anza mahali, na kila mmoja awe na anayemfuata. Ukiwa na hayo mawili, namba zote unazo. Labda ndivyo zilivyo, labda sivyo, mimi si mtu wa chuo kikuu. Lakini ndivyo zilivyoingia vichwani mwa watoto wa Kadutu.

Kisha akaja enspektere, mkaguzi wa shule.

Alikuja bila taarifa, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, viatu vinang'aa licha ya matope yetu. Mtu mkali, alisifika kwa hilo. Siku zile kulikuwa na minong'ono ya shule zenye wanafunzi wa karatasi tu, na yeye alitumwa kuwawinda. Akakaa nyuma ya darasa langu. Nikahesabu watoto kwa mkono wazi. Wakapiga kelele yao. Enspektere akafungua daftari ya mahudhurio, akasimama.

"Sitwaye Murhula. Uyo mungine ni nani?"

"Nani, Sitwaye Enspektere?"

"Batoto banasema mungine anakuya. Mu daftari simuone. Iko wapi? Amelipiwa? Anakuyaka lini?"

Direktere, mlangoni, akafunga macho. Nikaanza kueleza kwamba hakuna mtoto kama huyo, ni namna yetu ya kuhesabu. Nikazidi kuharibu. Enspektere akapandisha mkono.

"Hesabu ni hesabu. Haiko wimbo. Uhesabu tena sasa, sawa inaombwa, ufike mwisho, unyamaze. Na kuanzia leo ni vile."

Nifanye nini? Alikuwa mkubwa wangu. Nikaanza. Moja, mbili. Sauti yangu hata mimi sikuitambua. Nikafika benchi la nyuma, nikataja ya mwisho, nikanyamaza. Watoto wakavuta pumzi wapige kelele, nikawaashiria hapana.

Nsimire akainuka. Akachukua kibao chake, akakifuta vumbi kwa sweta, akakiweka kwapani, akaanza kwenda mlangoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyekaribia kulia.

"Uyu anaenda wapi?" akauliza enspektere.

Nikamweleza yote, kwa kifupi: mama, surua, Walungu, kifurushi kwenye msumari. Nikasema huyu mtoto akitoka mlango huu leo hatarudi. Enspektere akainama mbele ya Nsimire mpaka magoti ya abakosti yakagusa sakafu yetu ya vumbi.

"Mama alikuambia nini?"

"Alisema siku bakifunga hesabu, nirudie nyumbani."

"Hesabu inafungwaka?"

"Mwalimu amefunga. Weye ndiye ulimwambia."

Direktere akakohoa. Enspektere akamwangalia mtoto, akatafakari, nami nikaona kwamba hataki kushindwa na mtoto, lakini pia anataka kujua.

"Basi niambie weye. Namba ya mwisho ni gani? Ukiniambia, nitakuacha uende."

Nsimire akafikiri. Alifikiri vile anavyofikiri siku zote, macho juu, mdomo umebanwa. Mvua ilikuwa imeanza kidogo juu ya mabati.

"Ya mwisho haiyazaliwa, Papa," akasema.

Yule mtu mkali alibaki amepiga magoti. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Aliposema tena, haikuwa ile sauti ya ofisi.

"Hata miye," akasema, akinitazama mimi sasa, "mama yangu, kule Mumosho, nilimuulizaka tulizaliwa bangapi. Alinifukuza na mwiko." Akasimama, akajipangusa magoti. "Ikala, mutoto wangu. Rudia ku benchi. Sitwaye, uwaache baseme yao. Lakini mu daftari uandike benye baliko. Uyo mungine akifika, utamuandika."

Nikamwitikia ndiyo. Nsimire akarudi kukaa. Nikawapa ishara, na sijapata kusikia kelele kama ile maishani, mpaka darasa la B nalo likaitikia kupitia ukutani bila kujua kuna nini.

Mama Nsimire alisikia jioni ileile. Bahati aliniambia alikishusha kifurushi kutoka kwenye msumari, akatoa nguo moja moja, akazikunjua. Mimi sikumwona hadi mwaka uliofuata, siku ya kuandikisha. Alipanda kilima na mvulana mdogo mkononi, amepakwa mafuta mpaka masikio.

"Andika na uyu," akasema.

Nikamwandika. Sikumuuliza kama nyuma yake kuna wengine. Nikadhani amemaliza, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, tangu Nsimire aingie hapa, haukuniulizaka niko na batoto bangapi."

"Hapana, Mama."

"Bote banauliza. Padiri anauliza. Munganga anauliza. Jirani anauliza, anajifanya anacheka. Na weye, mwenye kazi yako ni hesabu, hauulize."

Nikasema tu, "Ni wako, Mama."

Akamwambia mtoto atoke nje akacheze. Akasukuma mlango. Akainama juu ya meza yangu, kitambaa chake cha kichwa kinanukia makala, akaniambia namba katika sikio. Aliisema kwa Mashi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga mikononi mwa mwingine. Sikujua alihesabu nani na nani, wale wa nyumbani tu au na wale surua ilichukua, na sikuuliza. Machozi yalinitoka, sioni haya kuwaambia. Yeye akafunga kitenge chake vizuri, akaniaga, akateremka kwenda kwenye makala yake.

Nimetaja namba maisha yangu yote, kwa sauti, kwa chaki, kwa makofi, kwa chafya. Ile moja sijaitaja. Maman Namwezi aliniuliza mpaka akazeeka. Direktere aliniuliza kwa njia za kikanisa. Mke wangu ananiuliza hata sasa, akinimiminia chai, akidhani nimesahau kwamba nisiseme. Na nyinyi nawaona mmesogeza viti, mnangoja. Rudisheni viti, wanangu. Aliniambia mimi.